Aliyepewa Chumba cha Nyuma

Jumamosi waliyohamia, Gakenia alipima chumba cha nyuma akapata futi kumi na mbili kwa kumi. Jumatatu alikipima tena ili ajue kitanda cha mama mkwe wake kingekaa upande gani, akapata kumi na moja kwa kumi. Akavuta utepe upya kutoka kona hadi kona. Kumi na moja. Aliangalia daftari lake, akaangalia ukuta, kisha akajicheka. Tumbo la miezi sita lilikuwa linamsahaulisha hata alikoweka funguo, sembuse namba. Akaifuta kumi na mbili, akaandika kumi na moja, akaendelea na kazi nyingine.

Kazi zilikuwa tele. Nyumba yenyewe ilikuwa juu kidogo ya Salama, mahali ambapo ngurumo za malori ya barabara ya Mombasa hufika zikiwa zimefifia. Yeye na mumewe Kiragu walikuwa wameishi miaka tisa katika vyumba viwili vya kukodi nyuma ya duka lao la spea, wakilala na harufu ya oili. Sasa walikuwa na vyumba vinne, paa la mabati mekundu na uwanja wa nusu ekari ambao hakuna mtu aliyekuwa ameupanda kitu. Gakenia alitembea humo mchana kutwa na daftari, akisema peke yake kwa sauti. Hapa veranda. Hapa tangi la maji ya mvua. Huku kando ya geti, miche ishirini ya michungwa. Banda la kuku liende kule, mbali na dirisha. Ukurasa wa mwisho hakumwonyesha mtu. Ulikuwa wa chumba cha mtoto, na kwa kuwa mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, aliuandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo.

Mtu mwingine wa nyumba hiyo alikuwa Wanjiro, mama yake Kiragu, waliyemleta kutoka Murang'a macho yalipomwishia nuru. Kabla chumba chake hakijawa tayari alilazwa kwenye kochi la sebuleni, na hofu yake ya kuwa mzigo ilimtoka mdomoni kwa swali moja, asubuhi, mchana na jioni.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Chumba cha nyuma, Mama," Gakenia alimjibu siku ya kwanza, na siku ya pili, na mara nyingi nyingine ambazo sauti yake ilizidi kukauka.

Jumatano saa saba mchana, jua likiwa kali hata kuku wa jirani wamenyamaza, Gakenia alikuwa jikoni akichora kwa chaki mahali ambapo dirisha lingepanuliwa. Mgongo ulimuuma. Vumbi la simenti lilikuwa limemwingia puani. Nyuma yake akasikia:

"Na mimi nitakaa wapi?"

Hakugeuka. "Si nimekwambia! Chumba cha nyuma ni chako! Ingia ufunge mlango, ukae huko mpaka ufe, bora nisikusikie tena!"

 Kisha ile sauti ikasema polepole, kama mtu anayeonja neno, "Asante."

Gakenia aliona haya. Akainua macho kupitia dirisha ili apoe kidogo kabla ya kuomba msamaha, ndipo akamwona mama mkwe wake nje, mbali, amekaa kwenye kiti karibu na geti, akichambua ndengu kwa vidole kwenye ungo. Alikuwa huko tangu saa nne. Chaki ikamponyoka Gakenia. Ndani ya nyumba, mwisho wa korido, mlango wa chumba cha nyuma ukajifunga taratibu, na komeo la ndani likasukumwa mpaka likagota.

Alipopata nguvu za kwenda kuusukuma, mlango ulifunguka bila shida, kana kwamba haukuwa umekomewa. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, ya marashi matamu ya kichefuchefu, na chini yake harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi zikasahauliwa sandukuni.

Hakumwambia Kiragu. Alijaribu jioni hiyo, wakila, lakini kila alipolitunga neno alifika mahali pa kusema alichokuwa amejibu, na aliyekusudiwa kuambiwa "ukae huko mpaka ufe" alikuwa ameketi pale pale mezani, akipapasa ukingo wa sahani yake.  Ijumaa Kiragu aliingiza kitanda chumbani, na mama yake akahamia huko kwa furaha, akishika kuta zote nne kwa viganja.

"Ni kadogo," alisema, "lakini ni kazuri."

Siku ya tatu, wakinywa chai, Wanjiro aliweka kikombe chini. "Yule msichana mliyenilaza naye, mwambieni asogee kidogo. Ananisukuma."

Kiragu alicheka. "Msichana gani, Mama?"

"Yule analala upande wa ukuta. Hasemi kitu. Lakini ana miguu baridi, na ananisukuma usiku kucha."

"Ulikuwa unaota."

"Labda," mama alisema kwa upole, akakunja mkono wa sweta kutafuta kitambaa chake. Mkononi alikuwa na alama nne za bluu, moja kando ya nyingine, ndefu kupita vidole vya mtu.

Wiki hiyo alikonda kama mtu anayenyonywa. Walimpeleka zahanati, wakaambiwa ni uzee, wakapewa vidonge vya vitamini. Asubuhi ya Jumanne Gakenia aliingia kumpelekea uji akamkuta ameketi wima kitandani na kichwa chake, ambacho nywele zake nyeupe zilikuwa chache kama pamba iliyobaki shambani, kimesukwa chote. Mistari ilikuwa midogo mno, iliyonyooka, imekazwa mpaka ngozi ya paji ikavutwa juu na macho yale yasiyoona yakabaki yametumbua. Damu ilikuwa imekauka kando ya masikio.

"Anasema nikitulia ataninyoosha niwe mzuri," mama alinong'ona. "Gakenia, mwanangu. Nilaze jikoni. Nilaze hata na kuku. Sitaki kitu kingine kwako, sitauliza kitu tena, nitoe tu humu."

Gakenia alisimama na bakuli mkononi. Aliona, upande wa ukuta, godoro lililobonyea urefu wa mtu. Na pale alipokuwa amesimama aliwaza jambo ambalo baadaye hakuweza kulifukuza kichwani: kwamba kile kitu kilikuwa kimepewa chumba na mtu wa kukaa naye, na kwa muda ambao kilikuwa na huyo wa kukaa naye hakikuwa kimefungua mlango, hakikuwa kimekanyaga korido, hakikuwa kimekuja kwenye chumba chake yeye na tumbo lake, na kwamba siku ambayo mama angetoka humo kingebaki peke yake na kingeanza kutafuta.

"Chumba ni chako, Mama," alisema. "Utazoea."

Akamfumua mistari miwili mitatu ya mbele ili ngozi ilegee. Akamlisha uji. Akatoka akafunga mlango, na mama akawa anaupapasa kwa ndani kama paka. Jioni Kiragu alipouliza nywele zimekuwaje, alimwambia mama alijisuka mwenyewe, uzee una mambo.

Fundi wa veranda alikuwa Mbaluka, mwanamume mtaratibu wa huko huko Salama. Alhamisi mawingu yalipojikusanya Gakenia alimwambia aingize simenti chumba cha nyuma isilowe. Mbaluka alifika mlangoni, akasimama, akarudi na mfuko begani.

"Hiyo nyumba niliijenga mimi, mama," alisema chini kwa chini. "Hicho chumba kilikuwa futi kumi na mbili."

"Ni kumi na moja."

Mbaluka alitoa utepe wake. Akapima kutoka kizingiti bila kuingia, akausukuma mpaka ukagusa ukuta wa mbele, akamwonyesha. Ilikuwa tisa.

Akaweka mfuko chini. "Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na bibi wa pili humo. Sisi mafundi tulikuwa tunapikiwa na bibi mkubwa, na huyo mwingine tunamsikia tu akiongea huko ndani. Hakuna siku tuliona sahani ikienda kwake. Bibi mkubwa alipokufa, mwenye nyumba alihama bila kuchukua hata viti. Nilidhani huyo alienda na yeye." Akamwangalia usoni. "Hawa wasio watu hawawezi kuchukua mahali bila kupewa. Kuna mtu amempatia hicho chumba?"

"Nani anaweza kufanya hivyo?" Gakenia aliuliza.

"Nitaleta mwaitu Kaveke," alisema Mbaluka, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni shangazi yangu, anakaa Migwani. Ni mama wa maombi. Ametoa hivi vitu watu wengi."

Kaveke alikuja Jumapili baada ya kanisa, mwanamke mfupi aliyevaa kitambaa cheupe kichwani na viatu vya raba, amebeba Biblia na chupa ya maji ya chumvi. Hakugusa chai. Alienda moja kwa moja chumba cha nyuma, akasimama mlangoni akinusa, kisha akaomba Wanjiro atolewe aketishwe kwenye kiti pale koridoni. Kiragu alimbeba mama yake kama mtoto. Mama alikuwa mwepesi kiasi kwamba Kiragu alipomwinua alipepesuka, maana alikuwa amejiandaa kwa uzito.

"Nisikilizeni," Kaveke alisema. Hakupaza sauti. "Huyu hakuvunja mlango. Alikaribishwa kwa mdomo wa mtu. Huyo mtu ndiye atamnyang'anya. Atasimama hapa aseme, mimi nilikupa, na mimi nakunyang'anya, toka. Atatoka. Lakini akisema mtu ambaye hakumpa, huyo mtu anadanganya mbele yake, na huyu anapata ruhusa ya kumchukua. Mmenielewa?"

"Na aliyempa," Gakenia aliuliza, "akisema hayo, yeye atapatwa na nini?"

Kaveke aliangalia tumbo la Gakenia. "Siwezi kukudanganya, mwanangu. Atalala mgonjwa siku tatu au nne. Akiwa mwenye nguvu, atapona. Akiwa na mzigo, mzigo unaweza kuanguka."

Kiragu alikuwa amewatazama wote kwa zamu. "Ni nani? Mimi hata sijawahi kuongea humu ndani. Gakenia?"

Mlango ulikuwa wazi robo. Mle ndani, ingawa nje jua la saa tisa lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia, mlikuwa na giza la kijivu, na ile harufu ya marashi ilikuwa inatoka kwa mawimbi, inakuja inarudi, inakuja inarudi, kama pumzi ya mtu aliyelala, na Gakenia akahisi kwamba kile kitu kilikuwa kimeamka, kimekaa, kinasikiliza atasema nini, na kwamba kilijua jibu na kilikuwa kinafurahi kungoja. Alikumbuka mara mbili alizokuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali mikono mitupu. Alikumbuka ule ukurasa wa penseli.

"Ni Mama," alisema. "Nilimsikia. Siku moja alikuwa hapa koridoni akiongea na mtu, akasema karibu."

Wote wakamgeukia mzee. Wanjiro aliinamisha kichwa chake kilichosukwa.

"Sikumbuki," alisema. "Lakini kama Gakenia amesikia, basi ni mimi. Siku hizi nasahau sana." Akanyoosha mkono hewani. "Nimewaletea taabu nyumbani kwenu. Nishike, mwanangu, nisimame, niseme."

Gakenia alimshika. Hakuna kitu kingine alichoweza kufanya, macho ya mumewe yakiwa juu yake. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na moto. Wakasimama kizingitini, Kaveke akamwaga maji ya chumvi kwenye sakafu, akaanza kuomba kwa Kikamba, kwa kasi, akamwashiria mzee aseme.

"Mimi nilikupa," alisema Wanjiro, kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani, "na mimi naku..."

"Si wewe," sauti ikasema kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya Wanjiro mwenyewe, kila mkwaruzo na kila pengo la jino. Kaveke alinyamaza katikati ya neno. Mkono wa mzee ukakaza mkono wa Gakenia, ukakaza kupita nguvu za mzee yeyote, na uso wake ukaanza kuvutwa kwenda juu na nyuma, taratibu, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake anaivuta ile mistari ya nywele yote kwa mkupuo mmoja, ngozi ikafuata, kope zikafuata, mdomo ukafunguka ukawa kicheko ambacho hakuwa anacheka, na Kiragu alikuwa anapiga kelele na kumshika kiunoni, na Gakenia alikuwa anajaribu kuutoa mkono wake katika ule mkono, hilo ndilo alilofanya, alikuwa anabandua vidole vya mzee kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho kikalegea chenyewe.

Wanjiro alipolala sakafuni, amekufa, hakuwa na hata mstari mmoja kichwani. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa zote, zimechanwa, zimelainishwa.

Kiragu alikuwa amepiga magoti akilia juu ya mama yake. Kaveke alikusanya Biblia na chupa. Akampita Gakenia karibu sana, akamnong'onezea sikioni.

"Mwambie mumeo. Leo. Mimi sina kazi tena hapa, kwa sababu huyu ameshalipwa."

Walimzika Wanjiro Murang'a. Gakenia hakumwambia mumewe. Alijiambia atasema baada ya mazishi, kisha baada ya arobaini, kisha baada ya kujifungua. Waliporudi Salama, chumba cha nyuma kilikuwa hakina harufu. Alikipima. Futi kumi na mbili. Akalia kwa nafuu, peke yake, akiwa ameketi kwenye sakafu iliyofagiliwa, na wiki hiyo akalirudia daftari lake. Michungwa ikapandwa. Mbaluka hakurudi, hata kuchukua vifaa vyake, kwa hivyo Kiragu akamalizia veranda mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata Gakenia alimwona akipita koridoni na kikombe cha chai.

"Unampelekea nani?"

"Mama," alisema Kiragu. "Ameamka vizuri leo."

Aliingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Gakenia alisimama na sikio kwenye ubao, akamsikia mumewe akiongea kama alivyokuwa akiongea na mama yake jioni, habari za duka, habari za mvua, akinyamaza ili ajibiwe, na akijibiwa. Baada ya nusu saa alitoka na kikombe kitupu. Uso wake, ambao tangu mazishi ulikuwa kama udongo, ulikuwa umetulia. Ikawa hivyo kila siku. Chumba hakikupungua tena hata inchi moja. Kitu kilichokuwamo hakikuwa kinasukuma mtu sasa.

Kisha Jumamosi moja Kiragu aliingia chumba cha mtoto, ambacho Gakenia alikuwa amekipaka rangi ya manjano, na nyundo kubwa ya fundi mkononi. Ukuta mmoja wa chumba hicho ndio ukuta wa chumba cha nyuma. Akauchora mlango kwa chaki.

"Unafanya nini?"

"Mama anataka tuunganishe. Akisikia mtoto analia, asizunguke na korido."

"Kiragu." Alishika mkono wake wenye nyundo kwa mikono miwili. Ilikuwa saa sita mchana. "Huyo si Mama. Nisikilize. Ni mimi niliyempa. Aliniuliza atakaa wapi, nikadhani ni Mama, nikamwambia kaa huko mpaka ufe. Nilisema hivyo nikidhani ni Mama. Na siku ya maombi nilidanganya kwa sababu ya mtoto. Mama yako alikufa kwa sababu yangu. Nipige, nifukuze, lakini tutoke humu leo, tuache kila kitu."

Kiragu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akautoa mkono wake kwa upole, akamfuta machozi kwa kidole gumba chenye vumbi la chaki.

"Najua," alisema. "Mama ameniambia yote, siku ile ya kwanza ya chai. Ameniambia na jinsi ulivyombandua vidole." Akatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli. "Nilitaka kukuua. Ni yeye aliyenikataza. Anasema amekusamehe. Anasema wewe ulimpa mahali, na sasa anataka tu kukulelea mtoto."

"Kiragu, tafadhali."

"Simama kando, usipigwe na matofali."

Gakenia alikimbilia mlango wa mbele. Ulikuwa umefungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwa mumewe. Alipiga vioo, akaita. Barabarani lori lilipita, na lingine nyuma yake. Ndani nyundo ilikuwa inapiga, inapumzika, inapiga, mpaka aliposikia tofali la kwanza likianguka upande wa pili, na badala ya kugonga sakafu likawekwa chini polepole, kama kitu kilichopokelewa na mtu.

Ile harufu ya marashi ikajaa nyumba nzima. Gakenia akateleza na mgongo kwenye mlango mpaka akaketi, amekumbatia tumbo kwa mikono yote. Kutoka kwenye tundu la ukuta sauti ya mama mkwe wake ilianza kubembeleza, laini, yenye subira, ikimwita mtoto kwa jina ambalo yeye na Kiragu walikuwa hawajamwambia mtu yeyote.

Na mtoto, aliyekuwa ametulia tangu asubuhi, akageuka tumboni, mzima mzima, akaelekea kule anakoitwa.